Tabasamu la mtu unayemdai: ni dharau, ni aibu au kuna kitu kingine?

MwanaKibirizi (Kigoma mjini)

Habari za humu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Naomba mnisaidie mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi na hapa nyumbani nikilisema naonekana nina roho mbaya.

Mimi nafanya biashara ya dagaa. Nanunua pale mwaloni Kibirizi wavuvi wakirudi asubuhi, naanika, zikikauka nyingine natuma Tabora nyingine nawapa watu wa hapa hapa mjini wauze. Sasa kuna jamaa yangu ana meza soko la Mwanga, tumekua wote Gungu, tumesoma wote, mama yake ni mama yangu kabisa. Huyu nilikua nampa mzigo mali kauli, anauza, ananiletea hela, miaka na miaka hatujawahi hata kununiana. Kuja 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa watu wasivue ile miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, kila mtu wa huku anajua tulivyoyumba. Kabla ya hapo nilikua nimempa gunia mbili hajazimaliza kulipa, ziwa likafunguliwa, watu tukarudi kazini, yeye mpaka leo hela hajaleta.

Hela inauma ndio, ila kinachoniuma zaidi ni tabasamu lake. Nikimwambia kaka mtoto anadaiwa ada, anatabasamu. Nikimwambia na mimi wavuvi wananidai, anatabasamu, meno yote nje, anaangalia chini anajishika shika shingo, "ntakuona kaka, ntakuona tu". Nikawa navumilia nasema labda ni aibu. Ila hizi siku za karibuni ndo kaniua kabisa, nimempitia mezani naongea nae kwa uchungu yeye ananichekea upande mmoja, mdomo umepanda upande mmoja tu, na watu wa meza za jirani wote wanatuangalia. Nikaondoka maana nilihisi nikibaki pale ntamshika shati.

Sasa naomba kuuliza wenye uelewa, hivi tabasamu la mtu unalisomaje? Unajuaje kwamba huyu ananidharau, huyu anaona aibu, huyu anaogopa, huyu kanichoka? Maana mtu akikutukana unajua umetukanwa, ila akikutabasamia unabaki unajiuliza njia nzima mpaka nyumbani. Na sitaki kumpoteza huyu mtu kwa kumuelewa vibaya, ila sitaki pia kuwa mjinga wa kuchekewa. Nawasilisha.

---

Chuma cha Mwandiga

Mkuu usijichoshe na saikolojia, umedharauliwa. Mtu anaeona aibu hawezi kukukenulia meno mbele ya soko zima, angekukimbia au angekupa hata elfu kumi ya kukutuliza. Na hiko cha kucheka upande mmoja ndo muhuri wenyewe. Mimi nimefanya biashara za mali kauli, nakwambia wadaiwa wabaya kuliko wote ni wale wacheshi, anakupokea vizuri, anakuagizia soda, anakuuliza familia haijambo, unaondoka umefurahi, ukifika nyumbani ndo unakumbuka ulienda kudai.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa muandikishane, asaini mbele ya mashahidi. Kicheko kitakata chenyewe.

---

Boti ya Kaskazini

Mkuu MwanaKibirizi mimi nakuja na jambo ambalo labda utaliona halihusiani ila nisikilize mpaka mwisho.

Nimefanya kazi ya boti za kupeleka wageni Gombe, ile hifadhi ya sokwe, tunatokea hapo hapo Kibirizi kwako, ni kama kilomita 16 tu kwenda kaskazini. Wageni karibu wote wanataka picha ya sokwe anaecheka. Na waongozaji wa kule wanawaeleza vizuri sana, wanasema ukiona sokwe midomo kaivuta nyuma, meno ya juu na ya chini yote yako nje, usifurahi nae, huyo anaogopa. Labda dume kubwa linapita karibu, labda kapigwa, labda mtoto kapotezana na mama yake. Sokwe mwenye raha, hasa wale wadogo wakiwa wanatekenyana na kufukuzana, mdomo wake unakua wazi umelegea, mdomo wa juu umefunika meno ya juu, na anatoa sauti ya kuhema hema kwa haraka. Hicho ndo kicheko chake. Sasa fikiria zile picha za zamani za sokwe kavalishwa nguo kakenua meno, watu dunia nzima wamezitundika wanaona mnyama anafurahi, kumbe wengi walikua wanatetemeka kwa woga.

Haya mambo mengi dunia iliyajua kwa sababu ya Gombe. Mama Jane Goodall alifika pale tarehe 14 Julai 1960, binti wa miaka 26, akakaa na wale wanyama mpaka akajua uso wa kila mmoja. Amefariki Oktoba 1 mwaka 2025 akiwa na miaka 91 na mimi siku ile niliumia kama nimefiwa na mtu wa kwetu, maana kwetu Kigoma yule alikua mtu wa kwetu.

Kuna mtaalamu mwingine wa Uholanzi, Jan van Hooff, mwaka 1972 aliandika kwamba kicheko na tabasamu la binadamu havikutoka sehemu moja. Kicheko kina asili kwenye ule mdomo wazi wa mchezo. Tabasamu lina asili kwenye ule mkenuo wa kimya ambao mnyonge anauonyesha mbele ya mwenye nguvu, yaani "mimi sina vita na wewe, usinipige". Baadae kwa binadamu likaongezewa kazi nyingine nyingi, za kukaribisha, kupenda, kushukuru, ila ile kazi ya zamani haikufutika.

Sasa rudi sokoni Mwanga. Nani mwenye nguvu kati yenu pale? Ni wewe. Una mzigo, una haki, unaweza kumpeleka kwa mwenyekiti, unaweza kumuaibisha mbele ya wateja wake. Umesema anaangalia chini na kujishika shingo. Mimi nikikusoma naona mtu anaekwambia usinipige. Na kingine nikuongezee, pale Gombe yule mdogo akishakenua na kuinama, mara nyingi mkubwa ananyoosha mkono anamgusa, basi mdogo anatulia na meno yanafichwa. Asipoguswa anaendelea kukenua.

Ila hiko cha upande mmoja sijakielewa, hicho siwezi kukisemea.

---

MwanaKibirizi

Boti ya Kaskazini kaka umenigusa sana, nilikua sijawahi kujiona kama mimi ndo mwenye nguvu maana mimi ndo ninaelala na madeni. Ila Chuma nae ana hoja. Hiko cha upande mmoja ndo kinanisumbua hata mimi, zamani hakuwahi kucheka hivyo, huyu namjua toka utoto ana mwanya na akicheka anacheka uso mzima mpaka macho yanapotea.

---

Dada Muuguzi (Kasulu)

Kaka naomba nianze na la haraka halafu ndo tuje kwenye maana za tabasamu. Huyo ndugu yako mdomo umeanza lini kwenda upande mmoja? Na unaenda hivyo akicheka tu au hata akiongea? Jicho la ule upande mwingine, ule usiopanda, linafumba vizuri? Kinywaji hakimwagiki pembeni ya mdomo? Naomba unijibu hayo kabla hujaenda kwa mwenyekiti wala kwa nani. Uso ukipooza upande mmoja, mtu akijaribu kutabasamu ule upande mzima ndo unapanda, mwingine unabaki chini. Ukimuona kwa mbali tena una hasira zako utaapa anakubeza.

Inawezekana nimekosea na ni dharau tu ya kawaida. Dharau kweli ina sura hiyo, Wamarekani wawili Paul Ekman na Wallace Friesen waliandika mwaka 1986 kwamba alama ya dharau usoni ni kona moja ya mdomo kubana na kupanda. Kwa hiyo Chuma hajasema uongo. Tofauti ni kwamba dharau inapita, inakuja kwenye neno fulani halafu uso unarudi mahali pake. Kupooza hakurudi, kupo muda wote, akila, akisalimia, akiwa na mwanae. Wewe umemuona akikujibu wewe tu, waulize wanaomuona kutwa.

Sasa kuhusu lile la mwanzo la kuangalia chini na kujishika shingo. Mtafiti anaitwa Dacher Keltner, Mmarekani pia, alichapisha mwaka 1995 jinsi aibu inavyopanda mwilini: macho yanashuka, mtu anatabasamu huku anajaribu kulizuia tabasamu lenyewe, kichwa kinainama na kugeuka pembeni, mkono unaenda usoni. Mtu hapangi kufanya hivyo, mwili unafanya wenyewe, na kazi yake ni kumwambia aliekosewa kwamba najua nimekosa. Ukiweka na alichosema kaka wa boti, mnasema kitu kile kile.

Na kuna hili la macho ambalo wengi wanalijua nusu nusu. Daktari mmoja Mfaransa, Duchenne, mwaka 1862 alitoa kazi yake ya kugusisha nyaya za umeme kwenye nyuso za watu kuona msuli upi unavuta nini. Akaona furaha ya kweli haivuti mdomo tu, na ule msuli unaozunguka jicho nao unabana, shavu linapanda, mikunjo inatokea pembeni ya jicho. Ndo maana umesema zamani akicheka macho yanapotea. Lakini msije mkalitumia hili kama mtego wa kukamata waongo, watafiti wa baadae wameonyesha watu wengi wanaweza kubana macho kwa makusudi wakitaka. Bora uangalie na muda wake, tabasamu la moyoni linakuja taratibu na kuondoka taratibu, la kuweka mara nyingi linawaka ghafla na kuzima ghafla mtu akigeuka tu.

Kwenye kazi yangu nimejifunza kuliheshimu tabasamu lisilo na furaha. Nimewahi kuhudumia watu wa Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi waliotoka Kongo. Mama anakaa mbele yako anakusimulia watu wake walivyokufa njiani na mdomoni kuna tabasamu, dogo tu, haliondoki. Mgeni asiejua atasema huyu mama hana uchungu au anatunga. Lile tabasamu ndo linamshikilia asivunjike mbele yako, na pia anakuhurumia wewe unaemsikiliza, hataki kukutwisha. Nimeona wajawazito uchungu umekolea, ukimuuliza unaendeleaje dada anakutabasamia anasema vizuri tu. Ukiandika "vizuri tu" kwenye faili lake ukaondoka umeua mtu. Unaweka mkono tumboni, unaangalia jasho, unaangalia vidole vilivyoshika kitanda.

Kaka nasubiri majibu yako, tafadhali leo leo.

---

Bi Mkubwa wa Ujiji

Wanangu marahaba nyote mlionisalimia na ambao hamjanisalimia. Nimesoma yote haya pole pole mjukuu akinisaidia kwenye kioo.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumtabasamia ndugu yako ni sadaka, na sisi watu wa Ujiji tumelelewa hivyo, ukipita barazani bila uso wa bashasha utaitwa urudi uulizwe una nini. Kwa hiyo nyuso zetu huku zinatabasamu hata pale moyo haupo, si unafiki, ni malezi. Mtoto anafundishwa asimpokee mgeni na uso uliokunjwa hata kama ndani hakuna hata unga. Mama yangu, Mungu amrehemu, wageni wakija siku hakuna kitu anatabasamu zaidi kuliko siku kuna kitu, na sisi watoto tukiliona lile tabasamu tulikua tunajua leo tunalala na chai ya rangi.

Kuna tabasamu la hapana. Hili vijana wa sasa hamlijui na linawaponza. Mtu akija kuniomba kitu siwezi kumpa, na ni mtu wa heshima, siwezi kumwambia hapana usoni kwake, nitamtabasamia nitamwambia tutaona inshallah. Mwenye akili zake anaelewa anaaga kwa heshima, kesho tunasalimiana. Washenga wanakuja kuposa, mzee mwenye binti anawapokea kwa tabasamu, anawapa kahawa, anawasifia safari yao, hajasema lolote. Washenga wazoefu wakitoka pale wanajua tayari, kwa kuangalia kahawa ililetwa na nani, na mama wa binti alitokeza au hakutokeza. Tabasamu peke yake halikuwaambia kitu.

Na liko la msibani. Mfiwa anapokea watu mlangoni anatabasamu, anasema karibuni, mmefika salama, poleni na safari. Anawapa pole nyie. Nani atasema huyo amefurahi?

Sasa wewe mwanangu wa dagaa. Umemfuata mwenzio sokoni, mezani kwake, mbele ya wateja na majirani wa biashara, ukamdai. Macho hayana pazia, soko zima linawaangalia. Unategemea afanye uso gani? Akilia wateja watamkimbia, akikasirika watasema ana deni na ana kiburi. Uso uliobaki ni huo mmoja. Mfuate nyumbani baada ya isha, kaa chini, kunywa chai ya mkewe, mama yake akiwepo ni vizuri zaidi. Umwone uso wake akiwa kwake. Na huyo binti wa Kasulu anachosema kuhusu kupooza usikipuuze hata kidogo, na wala mtu asije akakwambia ni pepo limempiga kofi mkaanza kuzunguka kwa waganga.

---

Chuma cha Mwandiga

Shikamoo bibi. Bibi kwa heshima zote mimi bado nina wasiwasi na nyie nyote mnavyomtetea mtu ambae hamjamuona. Nisieleweke kwamba sina utu. Mimi kuna mtu aliniliza hela nyingi sana na yule alikua anacheka mpaka macho, mikunjo yote hiyo anayoisema dada muuguzi ilikuwepo, anakushika mkono kwa mikono miwili kama wazee wetu wa Kiha wanavyosalimia, unasema hapa nimepata ndugu. Kwa hiyo mimi nyuso nimeziacha, naangalia mikono inafanya nini, imeleta hela au haijaleta. Mtu wa aibu kweli analeta hata kidogo kidogo. Huyu wa mwenzetu toka ziwa lifunguliwe amewahi kuleta hata senti?

Ila hilo la ugonjwa kama ni kweli nafuta, hapo deni linasubiri.

---

Mwalimu wa Isevya (Tabora)

Naongezea kidogo kutoka Tabora maana hili la mdaiwa nimeliona kwa watoto shuleni na linaniumiza roho sana.

Mwanafunzi kachelewa au kafanya kosa, anaitwa mbele paredi, mwalimu anamfokea, mtoto anatabasamu. Hapo hapo utasikia "unacheka? mimi na wewe tunacheka?" na adhabu inaongezeka. Na kadri anavyofokewa ndo tabasamu linazidi, mdomo unatetemeka, wenzie nao wanacheka, mwalimu anaona kavunjiwa heshima na shule nzima. Angalieni mikono ya yule mtoto siku moja. Anafinya sketi au kaptula, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu. Huyo hana dharau hata tone. Huyo amekwama, uso wake unajaribu kumtuliza mwalimu na mwalimu anasoma kinyume, basi wote wawili wanazidi kuzama. Njia iliyonifaa mimi ni kumtoa mbele za watu, tunaenda pembeni chini ya mwembe, simwangalii usoni, namuuliza ilikuaje. Tabasamu linakatika lenyewe na mara nyingi ndo machozi yanatoka.

Wadharaulifu wapo pia, tena nawajua. Yule anakuangalia machoni moja kwa moja, kidevu juu, halafu anawageukia wenzie nyuma kuona kama wameona. Anatabasamia watazamaji, hakutabasamii wewe. Kwa hiyo ukitaka kujua tabasamu ni la nini angalia linapelekwa kwa nani.

Halafu na mila nazo. Sisi Wanyamwezi na watani zetu Wazaramo, mtani anaweza kuingia msibani kwako anacheka, anasema marehemu kaondoka na deni langu, analala kaburini anadai alipwe ndo watu wazike, na mfiwa anajikuta anatabasamu na yeye. Mtu wa nje akiona hiyo atapiga simu polisi. Uso ule ule wa kucheka, ungefanywa na asie mtani pangechimbika.

MwanaKibirizi, swali la Chuma ni la msingi, lijibu. Na la dada muuguzi lijibu kwanza.

---

MwanaKibirizi

Samahanini wakuu nilikua mwaloni, giza limeingia na boti zimetoka kwa wingi.

Chuma, amewahi kuleta, mara mbili tatu hivi, kidogo kidogo, mara ya mwisho aliniletea kupitia mwanae, akamfunga mtoto hela kwenye leso. Sikuitaja hapo juu maana niliona ni ndogo sana.

Bibi nimekuelewa na nakushukuru, ntafanya ulivyosema.

Dada muuguzi, baada ya kusoma ulichoandika nimempigia mkewe. Sikumwambia habari za deni nimemuuliza tu shemeji huyu bwana anaendeleaje. Kaniambia ni karibu wiki sasa, aliamka asubuhi uso umevutika, chai inamwagika upande, jicho moja analala nalo halijafumba na linatoa machozi kutwa. Anasema wazee wa jirani wamemwambia ni upepo mbaya, akandwe maji ya moto. Hospitali hajaenda, anasema hana hela na anaona haya watu wamwone, ndo maana mezani anakaa amejifunika taulo shingoni. Kweli taulo nililiona.

Nifanye nini sasa?

---

Dada Muuguzi (Kasulu)

Mpigie tena shemeji yako sasa hivi, umuulize haya: mkono au mguu wa upande wowote umeishiwa nguvu? Akinyoosha mikono yote miwili mbele mmoja unashuka? Maneno yanaeleweka akiongea au yanavutika kama mlevi? Kama kuna hata moja hapo ndio, hicho kinaweza kuwa kiharusi, usisubiri kesho, tafuta bajaji usiku huu huu mpeleke hospitali ya Maweni.

Kama ni uso tu, mwambie anyanyue nyusi kama mtu anaeshangaa. Paji la uso la upande ule likigoma kukunjana, mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe umevimba, na wengi wanaopata hiyo wanapona ndani ya wiki au miezi. Ila kupima kwa simu hakutoshi, daktari amwone kesho asubuhi. Dawa za kupunguza uvimbe zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya siku tatu za mwanzo, hizo zimeshapita, lakini aende hivyo hivyo, kuna vitu vingine vinavyoweza kuvuta uso na vinahitaji kuangaliwa. Jicho ndo lisilosubiri. Lisipofumba linakauka na kupata vidonda, anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Usiku alifumbe kwa mkono taratibu alibandike kwa plasta laini ya hospitali, mchana alikinge na vumbi la soko. Na maji ya moto usoni waache kabisa, upande ule hauna nguvu na anaweza kuungua.

---

MwanaKibirizi

Nimempigia. Mikono iko sawa, maneno yanaeleweka, paji la uso upande ule halikunjani. Nimeongea nae mwenyewe pia, aliponisikia akaanza tena "ntakuona kaka", nikamwambia hapana leo sijapiga kwa hiyo. Alfajiri nampitia na pikipiki twende Maweni, mzigo wa asubuhi nimemuachia mdogo wangu apokee.

---

Chuma cha Mwandiga

Poa mkuu. Kama utapungukiwa hela ya dawa nitumie ujumbe pembeni, mimi kesho nipo mjini. Tunasubiri mrejesho.